Mgongo wa Refa

Kila Alhamisi yenye mashindano ya mieleka hapa shuleni kwetu huwa naanza na kikata kucha. Nakitoa kwenye droo, nakifuta kwa spiriti, nakiweka kwenye kikapu pamoja na filimbi ya akiba, kalamu mbili za kitabu cha alama, na vitambaa viwili vya kuvaa mkononi, chekundu na kijani. Kisha nachukua taulo dogo jeupe, nalikunja mpaka linakuwa kama gunzi la mahindi, na kulizungushia utepe lisifumuke. Hiyo huwa saa nne na nusu asubuhi. Saa tano kasoro nakunywa kahawa.

Siku hiyo utepe ulikuwa bado mdomoni simu ilipotikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa Colby Raszka, refa wetu wa jioni.

"Samahani Brenna. Siji leo. Siji tena. Jumamosi mama alikuwa jukwaani, alisikia walivyoniita. Nimeacha."

Nilisoma mara mbili, nikautoa utepe mdomoni.

Colby alikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilimbembeleza miezi minane akubali kufanya mtihani wa urefa. Nilimwazimia vitabu vya sheria, nikampeleka kwenye semina kwa gari langu siku barabara ilipokuwa barafu tupu, nikakaa nyuma ya darasa nikisoma riwaya mpaka alipomaliza. Amedumu wiki sita. Kabla yake kulikuwa na mkulima mmoja aliyedumu msimu, na mwalimu wa sayansi aliyedumu siku mbili.

Bwana Dolezal, mkurugenzi wa michezo wa shule ambaye mimi ni msaidizi wake, aliingia ofisini na kikombe chake akauona uso wangu.

"Nani tena?"

"Colby."

Akakaa juu ya kipasha joto cha dirishani, kama anavyokaa mambo yakiharibika. "Wageni wetu wa Plum Ridge wanapanda basi saa tisa," akasema. "Na leo ni jioni ya wazazi."

Sikuhitaji kukumbushwa. Vijana sita wa mwaka wa mwisho wangewavusha mama zao kwenye mkeka, kila mmoja na ua lake, na hapakuwa na mashindano mengine ya nyumbani msimu ule. Bila refa mwenye leseni hakuna mieleka. Wangevaa, wangepima uzito, wangewapa mama zao maua, halafu wangeambiwa warudi nyumbani.

Orodha ya marefa iko ukutani nyuma ya kiti changu. Nilipoanza kazi ilikuwa na majina kumi na saba, na kumi na moja nimeyapiga mstari kwa mkono wangu mwenyewe. Niliwapigia simu wote waliobaki. Mmoja alikuwa amepasuliwa goti. Mmoja alikuwa kusini kwenye joto mpaka theluji iyeyuke. Wanne walikuwa wamechukuliwa na shule nyingine, na mmoja kati yao alinicheka, ingawa si kwa ubaya.

"Kuna Lowell," akasema Dolezal.

"Lowell ameacha."

"Wote wameacha, binti. Tunatafuta aliyeacha ambaye bado ana filimbi. Nimeangalia kwenye mtandao wa chama cha marefa, leseni yake ameihuisha mwaka huu. Na mwaka jana. Mtu aliyeacha kweli hahuishi leseni." Akanywa kahawa. "Simu zangu hapokei. Nenda wewe. Kwako hana kinyongo, wewe hujawahi kumfanyia kitu."

Nikachukua koti.

*

Nilikuwa nimemfanyia kitu, na hapakuwa na mtu aliyejua isipokuwa mimi.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa likizo kutoka chuo, na shule ikakosa mgusaji. Ni kazi ambayo hupewa yeyote. Ukumbi ukijaa, honi ya mwisho wa raundi haisikiki, na refa wakati huo amelala kifudifudi anachungulia kama mabega ya mtu wa chini yamegusa mkeka. Saa hawezi kuiona. Kwa hiyo mgusaji anakaa mezani, na muda ukiisha anakimbia na lile taulo lililokunjwa na kumpiga refa mgongoni. Refa akiguswa, raundi imekwisha.

Ilikuwa fainali ya wilaya. Tate Kolthoff wetu alikuwa chini, watu elfu moja na zaidi wamesimama, na saa ikafika sifuri. Niliinuka. Nilifika ukingoni mwa mkeka nikasimama.

Mbele yangu kulikuwa na vijana wawili wamefungana kama kamba mbichi, jasho, miguno, na mgongo mpana wa Bwana Lowell Sundermeyer, aliyekuwa akituletea barua nyumbani tangu sijaanza shule. Nikahisi ukumbi mzima unanitazama. Mkono ukakataa. Zilikuwa sekunde tatu, labda nne. Ndani ya sekunde hizo mabega ya Tate yalishuka, na Bwana Sundermeyer akapiga mkeka kwa kiganja kuonyesha kwamba kijana wetu ameshindwa. Ndipo nikamgusa.

Kelele zikawa vurugu. Mwenye saa alisema muda ulikwisha mapema. Bwana Sundermeyer alikuja mezani, akapiga goti ili macho yetu yawe sawa.

"Ulinigusa?"

"Ndiyo."

"Kabla sijapiga mkeka?"

Baba yake Tate alikuwa amesimama juu yetu akipiga kelele. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Hakubisha. Alirudi katikati, akafuta uamuzi wake mwenyewe mbele ya wote. Tate aliendelea na raundi iliyofuata akashinda, na timu ikaenda mashindano ya jimbo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Nilijiambia kwamba haki ilitendeka, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha kweli. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana. Kila kitu katika matokeo yale kilikuwa sahihi. Kosa tu ndilo lilibebeshwa mtu asiyehusika: refa aliyepigwa taulo mgongoni asisikie.

Mji wetu hauna ukatili wa kelele. Una utani. Duane Kolthoff, baba yake Tate, ndiye aliyeuanzisha. Alimkuta Bwana Sundermeyer kwenye foleni ya duka la mbegu, akamgonga mgongoni kwa kidole: "Umeisikia hiyo, Lowell?" Watu wakacheka, naye akacheka. Baada ya wiki mbili alikuwa anagongwa kila mahali, kwenye kifungua kinywa cha chapati kanisani Jumapili, kwa kinyozi, kwenye mazishi ya shemeji yake. Umeisikia hiyo? Majira ya baridi yaliyofuata hakurudi kwenye mkeka.

*

Nilimkuta kwenye gereji yake, amefungua mashine ya kuondoa theluji na kutandaza vyuma vyake juu ya gazeti. Hakuinua kichwa.

"Umetumwa na Ron Dolezal."

"Ndiyo, Bwana Sundermeyer."

"Mwambie hapana."

"Sawa."

Sikuondoka. Alisafisha skrubu moja, akaiweka, akachukua nyingine.

"Mbona umesimama? Utaganda."

"Natafuta namna ya kusema kitu."

"Usijisumbue, nakijua." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Unadhani niliacha kwa ajili ya Duane na kidole chake. Mji mzima unadhani hivyo, na mimi nimewaacha wadhani. Duane ni mdomo tu, alikuwa hivyo tangu tuko darasa la pili. Ukimpa keki ananyamaza."

Nikatabasamu kidogo. Naye akatabasamu, kisha uso ukazima.

"Ulinigusa, mwanangu, nami sikusikia. Unaelewa maana yake? Nimekuwa refa miaka ishirini na saba. Pale chini huna macho ya nyuma, una mgongo tu. Mtoto yuko chini ya mtu mwenye kilo tisini, shingo imekunjwa, na wewe ndiye wa kusema basi. Kama mgongo umekufa, huna kazi pale." Alishusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu. "Nilikwenda kwa daktari mjini. Mke wangu Arlys nilimwambia ni macho. Daktari akanivua shati, akanichoma na sindano mgongoni kutoka juu mpaka chini, mimi nimefumba macho nahesabu. Nilizipata zote. Akasema niko mzima kama fahali. Lakini daktari hakuwepo siku ile. Wewe ulikuwepo."

Maneno yalifika kwenye meno yangu. Nayakumbuka yalivyokuwa, mafupi, yamejipanga. Lakini kichwani nikaliona basi la Plum Ridge limeshawasha injini, nikawaona wale mama sita wamevaa nguo nzuri, na nikajua kwamba nikisema, atanitazama kwa namna ambayo sitaweza kusimama mbele yake, wala hatakuja kuwafanyia kazi watu wa namna yetu.

"Ni leo tu," nikasema. "Hatuna mtu mwingine."

Aliinama tena juu ya vyuma vyake. Mbwa wa jirani alibweka akachoka.

"Nina sharti moja," akasema. "Mgusaji awe wewe. Ron asinipe mtu mwingine. Siku ile ulifanya kazi yako sawasawa, katikati ya kelele zote zile, msichana mdogo. Mimi ndiye nilikosea. Nataka nijue kama mwili umerudi."

Nikasema sawa.

*

Saa kumi na mbili na nusu jioni ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Kwenye chumba cha marefa nilikuwa nimewasha jiko dogo la maharage na nyama, na kando yake maandazi ya mdalasini, maana huku kwetu maharage hayaliki bila maandazi. Bwana Sundermeyer hakula. Alikagua kucha za vijana wote, akakagua ngozi zao kama zina ukurutu, akavaa vitambaa vyake mkononi, chekundu kushoto na kijani kulia, akatoka.

Duane Kolthoff alikuwa mezani tayari. Ndiye anayeandika kitabu cha alama cha nyumbani. Mwanawe alishamaliza shule, lakini yeye hajamaliza.

"Lo, wamemfufua," akasema, akasimama, akamgonga mgongoni. "Umeisikia hiyo?"

"Nimeisikia, Duane. Na pumzi yako nimeisikia. Vitunguu gani hivyo?"

Meza nzima ilicheka. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, taulo mapajani, mwalimu wa hesabu upande mmoja akiendesha saa, Duane upande mwingine.

"Leo mgonge na shoka," Duane akaninong'oneza. "Lile ni gogo."

Mama sita walivuka mkeka, maua yakapokelewa, watu wakapiga makofi. Kisha taa za pembeni zikazimwa ikabaki ile moja kubwa juu ya mkeka.

Mipambano minne ya kwanza ilienda vizuri kwa mtu asiyejua. Kila raundi ilipoisha nilikimbia na kumpiga kwa nguvu mpaka kiganja kikaniwasha. Lakini tangu wa kwanza niliona. Zikibaki sekunde kumi alikuwa anainua kichwa. Anaacha kutazama mabega anatazama saa ya ukutani, anarudisha macho chini, anainua tena. Nilipofika na taulo langu alikuwa ameshaanza kuinuka. Hakuungoja mguso wangu. Aliuogopa, kwamba ungekuja asiusikie.

Nilijua kwa nini. Katika watu mia nane mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua, na niliendelea kukaa.

Mpambano wa tano Cade Ostrander wetu alikuwa juu ya kijana mmoja mwembamba wa Plum Ridge. Alikuwa ameukamata mkono wake kwa nyuma na kuupandisha mgongoni, kama inavyoruhusiwa, kisha akaupandisha zaidi. Ukifika pale refa anapiga filimbi. Hata mimi najua. Nikatazama uso wa Bwana Sundermeyer. Ulikuwa umeelekea saa ya ukutani. Nane. Saba. Mkono ukazidi kupanda. Sita.

Kijana alilia mara moja, kifupi, kama mtu aliyekanyagwa.

Kocha wa Plum Ridge alikuwa ameshavuka nusu ya mkeka filimbi ilipolia.

Tabibu wao aliingia. Upande wa wageni ukaanza. "Refa, mtoto ni huyo hapo chini, hayuko ukutani!" "Kanunue miwani, mzee!" Na upande wetu, watu wetu wenyewe, sauti moja ikaita, "Gogo!", zikafuata nyingine, na kicheko.

"Unaona?" Duane akasema, akiandika. "Mimi nilisema."

Kijana aliinuka akaketi. Aliuzungusha mkono, akakunja uso, akauzungusha tena. Tabibu akaashiria kwa kichwa kwamba yuko sawa, anaweza kuendelea baada ya dakika. Nilipumua. Bwana Sundermeyer alimwinamia yule kijana akamwambia jambo, akamshika kichwani, kisha akaja mezani kwetu. Hakuwa na haraka. Alivua kitambaa chekundu akakiweka mbele yangu. Akavua cha kijani.

"Mwite Ron," akaniambia. "Nimemaliza."

"Lowell, acha mambo hayo," akasema Duane. "Imebaki mipambano tisa."

"Nikitazama saa siwaoni watoto. Nisipoitazama, siuamini mgongo wangu. Leo ni mkono, na Mungu amesaidia. Kesho ni shingo." Alikuwa akinitazama mimi, na hakukuwa na hasira usoni mwake, hata chembe. "Samahani, mwanangu. Umenigusa vizuri jioni yote. Kosa si lako."

"Si utani tu huo," Duane akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kicheko. "Mtu haachi watoto kwa ajili ya utani."

"Sijasema ni utani wako, Duane. Nimesema ni mgongo wangu."

Akageuka. Alikuwa na hatua kama kumi hadi mlangoni. Dolezal alikuwa anakuja kutoka upande wa pili akikata katikati ya watu, mikono imeinuliwa kama mtu anayezuia ng'ombe. Nilifikiri, Dolezal atamrudisha. Atambembeleza, amwambie ni mipambano tisa tu, naye kwa wema wake atarudi, ataendelea kutazama saa, na mimi nitaendelea kukimbia na taulo. Nikafikiri pia kwamba huenda hatarudi, na akitoka mlango ule atatoka nalo jambo lisilo lake mpaka kaburini.

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu.

"Bwana Sundermeyer."

Hakugeuka. Nikazunguka meza, nikakanyaga mkeka kwa viatu, jambo ambalo nimewakaripia watu kwalo msimu mzima, nikasimama mbele yake. Duane alikuwa amenigeukia, kalamu hewani. Mstari wa mbele wa wazazi ulikuwa umbali wa mkono, na mama mmoja alikuwa bado ameshika ua lake.

"Siku ile sikukugusa," nikasema.

"Ulinigusa. Ulisema mwenyewe."

"Nilikugusa umeshapiga mkeka. Muda ulipokwisha nilisimama pale ukingoni nikaogopa, nikakuacha. Halafu ukaniuliza, nikaitikia kwa kichwa."

Alinitazama kama anavyotazama mabega ya mtu, kwa karibu, bila kupepesa.

"Muda gani?"

"Sekunde tatu. Labda nne."

"Nne," akasema taratibu.

Duane alisema kitu nyuma yangu, sikukisikia. Nilijua kwamba mstari wa mbele wananisikia, na kwamba kufikia kesho asubuhi duka la mbegu litakuwa linajua.

"Mgongo wako haujawahi kuwa na kitu. Hukukosa kusikia, hapakuwa na cha kusikia. Leo mchana nilikuja kukuambia hivyo nikashindwa, kwa sababu nilitaka refa wa jioni hii. Bado namtaka. Lakini hata ukiondoka sasa hivi, ondoka ukijua kwamba hukukosea. Nilikosea mimi."